Lango la Wageni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi vitasa, mkabala na duka la cherehani. Halina mwenyewe, ingawa kila anayelikalia ana mahali pake, na ukikaa pa mwenzako utaambiwa, kwa adabu, lakini utaambiwa. Saa kumi alasiri Shangazi hufika na birika lake la kahawa na vikombe vyake vidogo, na kuanzia hapo mpaka birika liishe hakuna jambo la dunia linalokosa ufumbuzi. Alhamisi ile jambo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limekaa pale pale benchini, upande wa kushoto, likichonga ufunguo kwa tupa bila kuinua macho.

Jambo hilo liliitwa Kitasa. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, na mtaani hapo hakuna mlango uliowahi kumshinda. Jumamosi iliyopita alisafiri mwendo wa saa tano kwa basi, yeye na Pindo, fundi wa cherehani wa duka la mkabala, kwenda kuishangilia timu yao ya kijani ugenini. Walikwenda wawili, kama walivyokwenda wawili kwa miaka ishirini na miwili, mpaka mke wa Kitasa alikuwa akimwita Pindo shemeji bila kukumbuka kwamba si ndugu. Safari hii walirudi mmoja mmoja. Simu ya Kitasa, iliyokuwa kwenye mkoba wa Pindo, ilirudishwa Jumapili asubuhi, akakabidhiwa mke, na Pindo akaondoka bila hata kuketi. Tangu siku hiyo hakumsemesha mwenzake. Kijiweni alikuja, maana pa kwenda pengine hakuwa napo, lakini alihamia mwisho wa kulia, akampa Kitasa kisogo, na mahali pake pa kila siku pakabaki wazi. Hakuna aliyethubutu kupakalia.

Picha ilikuwa kwenye simu ya Shahidi. Shahidi aliwahi kuwa kondakta wa basi na sasa ni katibu wa tawi la mashabiki. Jina alilipata kwa kusimulia kwa kirefu mambo ambayo hakuwapo. Kwenye picha Kitasa amevaa koti jeusi, ana beji kifuani, na anampa mkono nahodha wa timu nyekundu.

— Nataka kuelewa kitu kimoja tu, alisema Shahidi. Hapa unacheka au unalia?

— Nilikuwa nasikia joto.

— Ungevua koti.

— Ndani nilivaa jezi yetu.

Hapo hakudanganya. Kule kwa wekundu hakuna anayeshuka kwenye basi na rangi ya kijani akafika salama uwanjani. Unaificha ndani, unaitoa ukishakuwa kwenye jukwaa lenu, mko wengi. Pindo alivaa koti la mvua. Kitasa alivaa lile alilomwozea binti yake, ambalo Pindo mwenyewe ndiye aliyemshonea, lenye bitana ya hariri na kola iliyosimama.

Ilibidi aeleze upya, kwa mara ya sita wiki hiyo. Walipofika, Pindo alipanga foleni ya tiketi, yeye akaenda kuulizia lango. Akamkuta mlinzi, akamwamkia vizuri, akamwambia, samahani ndugu yangu, sisi wageni tunaingilia wapi? Mlinzi akamtazama kuanzia kola mpaka viatu.

— Akaniambia, wewe ndiye mgeni? Nikasema ndiyo. Sasa ningesemaje? Kama si mgeni mimi ni nani?

— Endelea, alisema Makadirio. Huyu ni fundi mwashi, na hajawahi kukisia kitu kikawa kidogo.

— Akasema karibu sana, tulikuwa tunakusubiri wewe tu. Nikajiambia, kumbe watu hawa tunawasingizia. Juu ya lango palikuwa na kibao kikubwa, WAGENI. Nikaingia.

Akaingia, akakuta zulia. Akapewa kiti chenye mito, akapewa chai, akabandikwa beji. Aliposoma beji ndipo roho ilipomruka: MGENI RASMI. Wakati huo kulia kwake alikaa mwenyekiti wa klabu nyekundu, kushoto katibu wake, na lango lilikuwa limeshafungwa. Kusema ukweli kungekuwa ni kufungua koti lililoficha jezi. Hakulifungua. Akatelemshwa uwanjani, akapeana mikono na wachezaji ishirini na wawili, wao na sisi, na kipa wetu, aliyemjua tangu utotoni, alimkazia macho mpaka akapitiliza. Kisha wakamwomba aufungue mchezo, akaupiga mpira wa kwanza.

— Si mnaona? alisema Makadirio, akiweka kikombe chini. Mimi nimelipigia hesabu jambo hili. Mkono wa huyu bwana una miaka thelathini kazi yake ni kufungua. Hajui kazi nyingine. Anampa mkono mshambuliaji wao, wa kumi kwenye mstari. Dakika ya sabini na moja, lango letu limefunguka. Nani kalifungua?

— Alimpita beki, alisema Kitasa.

— Beki naye ulimpa mkono.

Shahidi alisema hayo ni ya mkono tu, kuna la mdomo. Alikuwa na habari, kutoka kwa mtu ambaye hawezi kumtaja, kwamba mgeni rasmi alitoa na neno. Kitasa alikiri. Walimpa kipaza sauti, watu elfu nane wakanyamaza, naye kichwani hakuwa na kitu.

— Nilisema, timu bora ishinde.

Makadirio alijishika kichwa. Hata Shangazi alisita kumimina.

— Hapo ndipo ulipotumaliza, alisema Shahidi. Umesema mwenyewe, hadharani, kwa kipaza sauti. Sasa wao wafanye nini? Wamepewa ruhusa.

Tangu hapo maneno yaliota mabawa. Shahidi aligundua kwamba kibao kile kiliwekwa makusudi. Wekundu walikaa kikao, wakaona hawatuwezi kwa mpira, wakaamua kumvuta mmoja wetu kwa chai. Makadirio alisema haitoshi, lazima walijua vipimo. Mtu hamtambui mwenye koti kama hajui kipimo cha bega lake. Hivyo kuna aliyewapa habari za koti. Na koti lile limepita kwenye kipimo cha nani? Kwa cherehani ya nani? Kila mtu akageuka kumtazama Pindo. Pindo aliendelea kutazama duka lake, kana kwamba limejengwa jana.

Kitasa hakuyajali hayo. Alikuwa anakijali kitu kingine, ambacho hakuwa amekisema kwa mtu, hata kwa mkewe. Kule juu, kwenye kiti chenye mito, alikuwa amepitisha macho ng'ambo ya pili kumtafuta rafiki yake, na alimwona, baada ya nusu saa ya mchezo, akiingia kwenye jukwaa la kijani. Hakuwa peke yake. Pembeni yake alikaa mwanamume mwenye shati la mikono mifupi, wala si mtu wa tawi, na shingoni amevaa skafu ya Kitasa, ile yenye kiraka kilichoshonwa na Pindo mwenyewe. Dakika hizo zote zilizobaki Kitasa alikuwa anamtazama mtu yule, si mpira. Iliuma, na ilikuwa bado inauma. Miaka ishirini na miwili, halafu mtu akichelewa kidogo tu kiti chake kina mwingine.

Shahidi alitoa daftari. Jumamosi hii ni ugenini tena, na basi la tawi linaondoka alfajiri. Orodha inafungwa kahawa ikiisha. Kwa kawaida Kitasa na Pindo huandikwa mstari mmoja, kwa sababu viti ni vya wawili wawili. Wiki hii Pindo alimpelekea Shahidi ujumbe: mniandike mstari wangu, peke yangu. Shahidi aliusoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma hali ya hewa.

Kitasa aliendelea kupiga tupa, ingawa ufunguo ulikuwa umekwisha.

Mwenye ufunguo alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mgeni mtaani, aliyefungia funguo za kabati la madaftari ndani ya kabati lenyewe. Alikuwa amesimama akisubiri, miguu ikachoka, akaona pale katikati pako wazi, akakaa. Wote walimwona. Hakuna aliyesema kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua nani wiki hii ana haki ya kusema. Shangazi akampa kikombe, naye mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, hadithi ya mkono na ya kipaza sauti na ya koti.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Mimi mpira siujui sana. Lakini huyo mgeni rasmi mwenyewe, yule hasa waliyemwalika, alikaa wapi?

Shahidi alipekua daftari kana kwamba limeandikwa humo. Kitasa aliacha tupa. Kwa siku tano nzima walikuwa wamelichambua jambo hili mpaka uzi wa mwisho, na hilo halikuwa limemjia mtu.

— Alikaa na mimi, alisema Pindo.

Hakugeuka. Alisema akilitazama duka, na sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

— Nilisimama nje na tiketi mbili mkononi. Mpira ulikuwa umeshaanza. Akaja mtu kwa miguu, anahema, gari lake limemharibikia njiani. Meneja wa kiwanda cha rangi. Wekundu wamepewa rangi ya kupaka uwanja mzima, ndiyo sababu wamemwalika, lakini walikuwa hawajamwona, walizungumza naye kwa simu tu. Akamwambia mlinzi, mimi ndiye mgeni rasmi. Mlinzi akamwambia mgeni rasmi keshaingia, keshakunywa chai. Akafukuzwa. Akaja kusimama ukutani, pembeni yangu. Nilimwonea huruma. Na tiketi ninayo.

— Ukampa kiti changu, alisema Kitasa.

— Nikampa kiti chako.

— Na skafu.

— Pale bila skafu angetiliwa shaka. Wekundu walipofunga alisimama, nikamvuta shati akakaa. Ningechelewa kidogo leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Makadirio alitaka kukadiria kitu, Shangazi akamzuia kwa jicho.

— Halafu na wewe kule juu ukasimama, alisema Pindo. Wote mlisimama. Wamekushika mikono huku na huku, wamekunyanyua. Yule bwana akakuonyesha kwa kidole, akasema, si ndiye yule aliyekaa kwenye kiti changu? Wewe unamjua?

Mwalimu akaweka kikombe chini taratibu kisilie.

— Nikamwambia simjui.

Ndipo alipogeuka. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na hakujisumbua kuyaficha.

— Watu wetu walikuwa wamejaa mbele na nyuma, wote wanakutukana, bado hawajakutambua kwa umbali ule. Nikaogopa. Nikasema simjui yule. Mtu niliyemshonea koti. Wewe unadhani nimekununia. Sijanuna. Nina aibu.

Kitasa aliuweka ufunguo juu ya goti. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu Jumamosi kilishuka, akashangaa jinsi kilivyokuwa kizito. Alifikiri kwa muda neno la kusema, kama alivyofikiri siku ile mbele ya kipaza sauti, na safari hii lilikuja.

— Na mimi mwenyekiti wao aliniuliza, alisema. Akaniambia, mheshimiwa, kule upande wa kijani unamjua mtu? Maana nilikuwa natazama huko tu.

— Ukasemaje?

— Nilisema namtazama mwenye shati la mikono mifupi. Nilisema yule sura yake siipendi.

Pindo alitoa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingeitwa kicheko. Shangazi aliinamisha birika. Kikatoka kikombe kimoja, nusu, na masimbi, mashapo ya chini. Alikiweka katikati ya benchi, bila kusema ni cha nani. Mwalimu aliona imetosha, akasimama, akaomba ufunguo wake, akaenda zake.

Mahali pakawa wazi tena. Pindo alipatazama. Akainuka, akamzunguka Makadirio, ambaye ilibidi akunje miguu, akaja kukaa pembeni ya Kitasa, bega kwa bega, kama mtu anayerudi kazini.

— Katibu, akasema Shahidi, akijiuliza mwenyewe kwa sauti, kalamu ikiwa juu ya daftari. Mstari mmoja au miwili?

— Mmoja, alisema Pindo. Alikinywa kile kikombe nusu, akambakizia mwenzake masimbi, kisha akaishika kola ya shati la Kitasa kwa vidole viwili, akaipima. Na kesho asubuhi niletee koti lile nilipunguze. Nilikushonea vizuri mno.