Fosse ya mama Katungu

Mie naitwa Nasiba. Nauzishaka kahawa ya tangawizi mbele ya nyumba yangu ku Beu, pale barabara inakata kona ya kwenda Oicha. Niko na banc moja ya kukalia inabeba matako tatu, na hiyo matako ni yale yale tangu tulipata indépendance. Wa kwanza ni Daudi, dereva wa camion, tunamuitaka Kilomètre juu kila kitu anapimaka na kilomètre, hata mimba ya bibi yake. Wa pili ni Paluku, ku banc tunamuitaka Avocat, wakili. Alifagiaka tribunal, nyumba ya hukumu, miaka nane, na sasa anajua sheria kupita juge. Wa tatu ni Jéthro, Monseigneur, alikuwaka mupishi wa bapadri, na paka leo anasemaka polepole kama mutu mwenye kubariki mukate. Vita ya Basimba, bale baasi ya 1964, ilibafukuza ku banc siku tatu tu. Siku ya ine balirudia na kuomba kahawa. Batu banasemaka ati ni hawa batatu balishinda vita ya fosse, lile shimo ya choo. Uongo mutupu. Mie nilikuwa pale.

Maneno ilianza hivi. Jirani yangu, mama Katungu, mujane, alinunua nyumba ya Mugiriki moja mu 1960, ile wakati bazungu balikuwa banakimbia na kuacha hata sahani ku meza. Karatasi iko nayo, na tampon, muhuri ya État. Ndani muko choo ya kizungu, ya kukalia na kukokota cheni, maji inatoka mu citerne ya mvua. Ile choo ilimupatia heshima. Babibi-arusi balikuwa banakuja kuiangalia.

Kisha, mu 1965, Basimba bameisha kuondoka, choo ikaanza kurudisha. Unakokota cheni, maji inapanda pahali ya kushuka. Nyuma ya nyumba majani ikalowana, harufu ikavuka lupango ya kati yetu na kuingia mu kahawa yangu. Mutu moja wa bureau, jina yake nitaacha juu batoto yake hawana kosa, akapita pale na mukono ku pua. Hakukawia kuleta barua: nyumba ni chafu, ni hatari kwa batu ya quartier, kama paka Vendredi, Ijumaa, haijatengenezwa, État, ni kusema serikali, itaikamata. Sisi bote tulijua huyo État ni nani. Bibi yake alikuwa ameisha kuja kupima madirisha juu ya mapazia yake.

Katungu alileta barua ku banc Lundi, Juma tatu, asubuhi. Alisimama mikono ku kichwa. Wakati wa Basimba huyu mwanamuke alinificha mie na batoto yangu juu ya plafond, dari ya ile nyumba, siku kumi na moja. Mie Muislamu, yeye mu-Catholique, tulikula mu sufuria moja. Kuona ile karatasi, roho iliniuma sana. Nikamuambia akae kwanza. Hakukaa.

Kilomètre njo alianza. Alisema tuyau, bomba ya bazungu, inatokaka mu kila nyumba, inashuka chini ya udongo paka ku muto Semuliki. Shida iko ku kilomètre kumi na nane, pale camion yake ilipindukaka na magunia ya chumvi. Uzito ya ile chumvi njo ilivunja tuyau. Inafaa kuchimba tangu kule.

— Batu ngapi ya kuchimba? nikamuuliza.

— Mia mbili. Na camion moja ya kubeba udongo. Yangu iko.

Avocat akatikisa kichwa. Kwake tuyau haina kosa. Siku ya trente juin, ile ya indépendance, saa ile bendera ilikuwa inashuka, bazungu balifunga robinet moja kubwa ya maji chini ya inchi, ya Congo nzima, bakabeba funguo ku Bruxelles. Hii miaka tano tulikuwa tunatumikisha nafasi yenye ilibakia, na sasa nafasi imejaa. Alikuwa tayari kuandikia ONU, Umoja wa Mataifa. Timbre ya barua, mama Katungu atalipa.

Monseigneur alingoja benzake banyamaze. Kisha akasema vile alionaka ku mission na macho yake mwenyewe: mule chini bazungu banafugaka nyama, munyama muzima.

— Nyama gani?

— Hana macho, hana jina. Anakula tu bile bintu. Bazungu balipoenda, hakuna mutu alibakia kumuchunga. Amekufa, na hii ni harufu ya maiti yake. Inafaa misa.

Kilomètre alitaka kujua hiyo nyama iko na urefu gani. Avocat akauliza kama nyama wa État anaweza kufa bila certificat ya kifo. Bakabishana paka saa sita, na kesho yake bakaanza tena pale baliacha. Hata moja hakuinuka kwenda kuangalia nyuma ya nyumba, na ni hatua makumi tatu kutoka ku banc. Mie nilibapimia kahawa tu, na hasira yangu ikapanda kidogo kidogo.

Ile Mardi, siku ya pili, mwanaume moja mwembamba alishuka ku camion ya Oicha. Alikuja kutafuta chumvi. Jina yake Abdias. Akaomba kahawa, akakunywa wima juu banc ilijaa. Alisikiliza tuyau, akasikiliza robinet, akasikiliza nyama. Kisha akauliza polepole:

— Na mu hii choo, mama anatupaka nini?

Siku mbili banasema, na hakuna hata moja alifikiri kumuuliza mwenye choo. Avocat akasema ile swali haiko mu dossier.

Nikamuita Katungu. Alijibu bila haya, kichwa juu kidogo, juu alijua anafanyaka vizuri:

— Majivu. Kitunga moja kila asubuhi. Mama yangu alinifundisha, choo ya mwanamuke wa kazi hainuke.

Nami nikakubali na kichwa, juu kwetu bote, mu choo ya shimo, tunatupaka majivu. Njo malezi. Abdias akahesabu na vidole: miaka tano, kitunga moja kila siku. Akafunga macho.

— Mama, umejenga ukuta mule ndani.

Akatuelezea. Alitumikaka na bamaçon, bajengaji ya bazungu, fosse alijenga makumi mbili. Tuyau ya kwenda Semuliki haiko. Kuko shimo ya béton, zege, palepale nyuma ya nyumba. Uchafu inakaa chini, maji inatokea juu na tuyau fupi, inaingia mu shimo ya pili yenye mawe, na udongo inaikunywa. Na mule mu béton muko badudu badogo, macho hapana kubaona, njo banakula uchafu. Majivu imebaua, tena imefunga tuyau. Akaonyesha Monseigneur na kidole, akasema huyu muzee alikaribia ukweli kupita benzake. Tangu ile siku Monseigneur hasikilizi mutu tena.

Katungu sasa njo akakaa, chini mu vumbi. Alisema ni yeye mwenyewe ameharibisha nyumba yake, kwa usafi yake. Nikamukamata mukono, nikamuambia simama, leo Mardi, kulia tutalia Samedi.

Abdias alitafuta mufuniko ya fosse na chuma. Alichoma udongo hapa na pale paka chuma ikagonga béton, chini ya vitunguu ya Katungu. Tukang'oa vitunguu, tukafungua. Akakataza mutu kuinama pale ao kuwasha kiberiti, juu hewa ya mule inaua. Iachwe wazi paka kesho, kila mutu akae mbali. Na hata kesho, hakuna kuingia: ni ndoo na kamba, na jembe ya mupini murefu.

Haya. Nani atavuta ndoo? Kilomètre akakumbuka safari ya Butembo. Avocat akashika mugongo. Monseigneur akaangalia mikono yake, akasema hii mikono ilipikiaka bapadri. Tangu zamani kazi ya kutosha uchafu, kuitoa mu choo, ilikuwa ya bafungwa, soldat nyuma na bunduki, na mutu mwenye jina haifanye. Ile haya nilielewa. Lakini nilielewa pia Vendredi. Nikabeba birika, nikamwanga kahawa yote mbele ya miguu yao.

— Kahawa imeisha, nikabaambia. Itarudia siku mama Katungu atakuwa na karatasi ya bureau mu mukono. Mwenye kiu, ndoo iko kule.

Kilomètre akauliza kama ninacheka. Nikaingiza banc mu nyumba na kufunga mulango.

Mercredi, ndoo ya kwanza tulivuta mie na Katungu, bitambaa ku pua. Majivu ilikuwa imeshikamana kama ciment, ndoo moja ilituvunja mikono. Ku ndoo ya tatu Kilomètre akatokea. Alisema camion imekatala kuwaka. Ku ndoo ya kumi Avocat akafika, amevaa koti yake ya tribunal ndani-inje. Monseigneur alikuwa wa mwisho, lakini alileta kamba mupya, na nguvu alikuwa nayo kupita hao benzake. Tulichimba shimo kule mwisho wa migomba, tukamwanga mule, tukafunika na udongo. Batu ya quartier balisimama ku lupango, banacheka. Ku saa tisa bengine bane bakaacha kucheka, bakavua mashati. Jioni Kilomètre alihesabu kwamba ametembea na ndoo kilomètre kumi na moja, na mara ya kwanza hakuna mutu alibisha.

Jeudi tulifika chini kabisa. Abdias alisukuma tuyau na fito paka maji ikapita, akanawisha mawe ya shimo ya pili, kisha akarudisha mu béton ndoo mbili ya ile uchafu ya chini, juu badudu bazaliwe tena. Kwa Katungu alisema maneno mafupi: maji, na kile mutu anatosha mu mwili, basi. Majivu iende mu shamba. Katungu akamupigia magoti.

— Wasingya, akamuambia na Kinande, ni kusema asante.

Vendredi saa sita, mutu wa bureau akafika. Alikuja na camion, na juu ya camion kulikuwa kitanda yake, matelas imefungwa na kamba. Alinusa ku mulango. Alinusa ku corridor. Alitosha kitambaa ku pua, akanusa tena. Akakokota cheni. Sisi bote tulikuwa ku dirisha, roho juu. Maji ikashuka, ikaenda yote. Akangoja ijae, akakokota tena. Ikaenda. Mara ya tatu Avocat alihesabu na sauti, na ilipoenda quartier nzima ikapiga makofi, na mie nililia bila haya, nilisikia furaha yenye sijasikia tangu nilishuka ku ile plafond.

Katungu alikuwa amevaa kikwembe yake ya Pasaka. Akamupatia kalamu na ile barua, akamuonyesha fasi ya kusaini kwamba nyumba ni safi. Mutu wa bureau akaangalia matelas yake ku camion. Akaangalia choo. Alitafuta kosa, hakuliona, akageuka kwetu bote na kuuliza:

— Na hii uchafu, sasa inaenda wapi?

Niliona midomo tatu inafunguka. Kilomètre akaangalia Avocat, Avocat akaangalia Monseigneur, na midomo ikafungika. Abdias hakukuwa pale, alipanda camion ya asubuhi na chumvi yake. Ni Katungu njo alijibu, na sauti ya chini, macho mu macho:

— Haiendi fasi yoyote, chef. Inabakia hapa kwangu. Na mimi nabakia.

Mutu wa bureau akasaini palepale, juu ya mugongo ya Avocat, juu meza hatukumupatia.