Dada wa Hatua Nyingine

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, umefuta nusu ya barabara, na kile kiti kirefu cha basi bovu kilichowekwa juu ya matofali nje ya duka la vioo kilionekana kama kinaelea. Hapo ndipo kijiweni. Wenye kijiwe wanajulikana. Kuna Profesa, mwalimu wa udereva, ambaye chuo hajawahi kukanyaga ila husoma simu mpaka chaji inaomba radhi. Kuna Bondia, mlinzi wa ghala, shingo kama gogo. Alipanda ulingoni siku moja tu ujanani, akapigwa, lakini jina likabaki. Kuna Shemeji, mama wa makamo anayeuza kahawa, na kila mtu humwita shemeji ingawa hakuna anayejua kaolewa na ndugu ya nani. Na kuna Brashi, mpaka rangi, ambaye kucha zake ukizitazama unajua wiki hiyo kapaka nyumba ya nani. Hukutana kabla milango ya kazi haijafunguliwa, usingizi ungali umewakalia kwenye kope, na labda ndiyo maana maneno yao huenda mbali kuliko miguu yao.

Brashi alikuwa ameikodolea macho simu yake, kama mtu aliyesimama mbele ya mlango anaogopa kubisha hodi.

— Bado? aliuliza Shemeji, akimmiminia kikombe kisicho na sukari.

— Bado. Na leo ni Jumatatu.

— Jumatatu zenyewe zimekuwa nyingi sasa, alisema Shemeji kwa upole.

Mambo yalianza mwaka uliopita, pale zahanati walipomwambia Brashi ana ugonjwa wa sukari. Walimpa vidonge na neno moja: tembea. Atembee kwenda wapi, hawakusema. Akaingia mtandaoni kutafuta wa kumwongoza, akakuta gulio. Huyu anasema usile jioni, yule anasema kula jioni tu, mwingine anaruka kichurachura juu ya paa. Vijana wenye matumbo kama ubao wa kufulia walimfokea kana kwamba kawaibia. Alipokuwa karibu kuzima simu ndipo akaikuta blogu inayoitwa Hatua Nyingine. Haikuwa na picha ya tumbo la mtu. Ilikuwa na picha ya raba mbili zilizochakaa, zimepangwa mlangoni, na chini yake mwanamke fulani ameandika: "Leo nilitaka kufika kwenye mnara wa maji. Nimefika duka la pili, mvua ikanipiga, nikarudi. Kesho nitajaribu tena. Mimi si daktari. Kama unatumia dawa usiache, kamuulize aliyekupa."

Brashi alicheka peke yake juu ya ngazi, rangi inamdondokea kiatuni. Kesho yake akatembea mpaka duka la pili.

Tangu hapo kila Jumatatu dada yule aliandika, na kila asubuhi Brashi alitembea na maneno yake. Aliandika jinsi kuta za alfajiri zilivyo na rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai, na Brashi, anayejua rangi, alizichanganya kichwani akaona kweli, ndivyo zilivyo. Aliandika kuhusu paka anayemsindikiza hadi kona halafu anajifanya hamjui. Siku nyingine Brashi aligeuka nyuma barabarani, akihisi kuna mtu anakwenda sambamba naye kwa raba laini. Sukari ikashuka. Suruali ikaomba mkanda. Kisha, bila kuaga, dada akanyamaza. Miguu ya Brashi nayo ikanyamaza.

— Mimi nilikwambia, alisema Profesa. Yule si mtu, ni mashine. Siku hizi mashine zinaandika, zinaimba, zinatongoza. Wameichomoa kwenye umeme, basi.

— Mashine inajua paka anavyojidai? aliuliza Brashi.

— Mashine inajua kila kitu. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuandika.

— Wahenga hawakusema hivyo, alisema Shemeji. Yule kaolewa. Mwanamke akinyamaza ghafla, kaolewa na mwanamume mwenye wivu, simu iko mfukoni mwa bwana. Nimeyaona hayo.

Bondia alikohoa kifuani kama anafungua lango la ghala.

— Nyote hamna habari. Kanunuliwa. Kampuni za unga wa lishe zimempa kitita zikamwambia nyamaza, unatuharibia soko, watu wakitembea bure nani atanunua?

— Au katembea sana, alisema Profesa, na sauti yake sasa ikapungua, ikawa ya mtu anayeota macho wazi. Fikirini. Mtu akitembea kila siku anapungua. Anapungua, anapungua. Ikifika siku hana uzito hata wa kuku, nini kinamshika chini?

— Hakuna, alisema Bondia, akisahau kubisha.

— Basi. Kapaa.

Wakautazama ukungu. Brashi alijua ni upuuzi, lakini kwa muda mfupi alimwona: yuko juu ya mapaa, raba zinaning'inia, anapita taratibu juu ya waya za umeme na kanga zilizoanikwa, anatafuta maneno ya kuyaeleza mawingu. Moyo ukamuuma. Hakutaka apae. Alitaka arudi duka la pili.

— Achana naye, alisema Bondia, akimpiga begani. Fuata Mwili Chuma, yule jamaa wa mtandaoni, kama mimi. Ule unga niliokupa jana umekunywa?

Brashi aligusa mfuko wa shati. Pakiti ilikuwa humo. Usiku kucha alikuwa ameiwazia, kwa kuwa miguu ilianza tena kumfa ganzi, na mtu akizama hushika hata wembe.

— Mwili Chuma anasema uache vidonge kwanza, alisema.

— Ndiyo! Vidonge vinazoesha mwili uvivu. Mimi vya presha nimevitupa. Maji ukiyavulia nguo, yanywe!

— Yaoge, alisema Shemeji.

— Yaoge, yanywe, ni maji yaleyale. Yule jamaa ana wafuasi laki tatu!

— Hata nzi hufuatana wengi, alisema Shemeji. Ukijua wanakokwenda hutawafuata.

Brashi aliigeuza pakiti mkononi. Juu yake Mwili Chuma alitabasamu, meno meupe kama chokaa ya kwanza ikishakauka.

— Bondia, hebu niambie. Yule dada akishindwa, anasema. Akirudi njiani, anasema. Wako huyu ameshindwa lini?

— Hajashindwa hata siku moja!

— Basi huyo si mwili, ndugu yangu. Ni picha.

— Picha? Ngoja nikuonyeshe picha!

Bondia alisimama katikati ya njia, mikono mbele, akaanza kuchuchumaa na kuinuka, huku akijihesabia kwa sauti ya kikamanda. Alipoinuka mara ya nne hakuhesabu. Mkono wake ulitafuta ukuta, ukaukosa, ukaupata. Uso ulikuwa na rangi ya jivu.

— Jua limenipiga, alisema.

Jua lenyewe lilikuwa halijatoka. Brashi na Profesa walimshika huku na huku wakamketisha, na Brashi alishangaa jinsi bega kubwa vile linavyoweza kutetemeka.

— Twende zahanati, alisema Profesa.

— Siendi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nikiinama naona nyota.

Wakati huo mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mwanamke ambaye hawajawahi kumwona, kajifunga kanga, kikombe chake mkononi. Ndiye aliyehamia vyumba vya juu ya duka juzi.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, dada, alisema Shemeji. Karibu kahawa.

— Asante. Nisameheni, dirisha langu liko hapo juu, nimewasikia tangu mwanzo. Huyo dada aliyenyamaza, na huyo kaka wa unga. Alipokea kikombe chake, Shemeji keshakijaza, akapuliza, akauliza: Mmewahi kuwauliza wenyewe?

Shemeji akawa anafuta birika lililokwisha kufutwa. Brashi alihisi joto likimpanda shingoni. Mwaka mzima alikuwa ametembezwa na mtu, na hakuwahi kumwambia hata asante, achilia mbali kumjulia hali.

— Haya, alisema Bondia, kwa kiburi kilichobaki. Naanza mimi. Mtaona.

Akaandika kwa kidole kizito, akitamka kila neno: "Kaka Mwili Chuma, niliacha vidonge vya presha kama ulivyosema. Leo nimepata kizunguzungu nusura nianguke. Nifanye nini?"

Jibu lilikuja kabla hajashusha simu. Alilisoma kimoyomoyo. Akalisoma tena. Mwishowe akampa Brashi, naye akasoma kwa sauti: "Hongera bingwa! Safari yako imeanza! Agiza pakiti mbili leo upate ya tatu bure!"

Bondia aliichukua simu yake, akaifunika kwa kiganja.

— Hajasoma, alisema kwa sauti ndogo ambayo kijiwe hakikuwahi kuisikia. Nimemwambia naanguka, na hajasoma.

— Inuka, alisema Profesa, akimpa mkono. Gari la mafunzo liko pale kona. Nitaendesha mwenyewe, usiogope.

Bondia hakubisha. Wakaondoka wameshikana, ukungu ukawameza kuanzia miguuni.

Brashi alibaki na simu yake. Aliandika "Mpendwa mwandishi," akafuta. Akaandika "Mheshimiwa," akafuta hilo haraka zaidi.

— Mpe pole, alisema Shemeji.

— Pole ya nini, na sijui kimempata nini?

— Pole haiulizi sababu, shemeji yangu.

Yule mwanamke mgeni alikuwa ameshapanda juu na kahawa yake. Brashi alifikiri, akaandika: "Pole, dada. Sisi unaotutembeza hatujambo kidogo. Wewe hujambo?" Akatuma kabla hajaogopa. Kisha akaitupa ile pakiti kwenye pipa la taka la duka la vioo, akaenda kazini.

Kesho yake hakukuwa na jibu. Lakini aliona haya kumsubiri mtu wa kutembea huku amekaa kitako, kwa hiyo alivaa viatu mapema akatembea. Duka la pili, basi. Miguu ilikuwa mizito kama ya kuazima. Siku iliyofuata akaenda tena, na safari hii alijikuta anatazama huku na huku kama mtu aliyetumwa: mwanamke anafagia maji ya mvua kizingitini, moshi wa mkaa umelala juu ya bati haujui pa kwenda. Kuta zilikuwa na rangi ileile aliyoiandika dada.

Bondia alirudi kijiweni mwisho wa wiki. Presha waliikuta juu sana, muuguzi kamgombeza kama mtoto, na sasa anavyo vidonge vyake kwenye kikopo anachotunzia filimbi yake ya ulinzi. Hakuna aliyemtania. Jina la Mwili Chuma halikutajwa, na kwa kijiwe chao huo ulikuwa ni upole mkubwa.

Jibu lilikuja asubuhi moja wakiwa wamekaa wote, ukungu umerudi, Shemeji anachochea mkaa chini ya birika. Simu ilitetemeka pajani kwa Brashi.

— Ni yeye, alisema.

— Soma, alisema Profesa. Usirukeruke.

Akasoma. "Kaka, nimekaa na ujumbe wako siku hizi zote sijui niujibu vipi. Watu huniandikia waniulize watapunguzaje tumbo, na si vibaya. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hali. Nilianguka bafuni, nyonga ikavunjika. Niko kwa binti yangu, wamenipa chumba cha nyuma. Sikuandika kwa sababu niliona haya. Mimi wa kuwaambia watu watembee, sasa nashikwa mkono kwenda chooni. Jana nimetoka kitandani kwa mkongojo nikafika dirishani. Nimelia, halafu nimecheka. Na wewe, bado unatembea?"

Swali hilo la mwisho Brashi alilisoma mara mbili. Shemeji alijifuta jicho akasingizia moshi.

— Kumbe ni mtu, alisema Profesa polepole, kana kwamba hiyo ndiyo habari ya ajabu kuliko ya kupaa.

Brashi aliandika kweli tupu: "Niliacha uliponyamaza. Nimeanza tena. Nafika duka la pili." Kidole kikasimama hewani, hakijui kiongeze nini. Mtu kalala chumba cha nyuma na nyonga yake, utamwambia ajikaze? Wa kujikaza alikuwa ameshafika dirishani.

Bondia alisogea mpaka kiti kikalia, akainamisha shingo lake kubwa juu ya simu.

— Muulize, alisema.

— Nimuulize nini?

— Hapo dirishani, anaona nini.

Brashi akaandika, akatuma. Kisha wakakaa wote wanne, kahawa inapoa mikononi, wanalisubiri jibu, na hakuna aliyelikisia.