Mshika Hatamu Asiye na Jina

Tulitoka makaburini manyunyu yakitulowesha, tukaketi kwenye benchi letu mlangoni pa baa ya kijiji cha Harlscote, kila mtu na chai yake ya maziwa. Tulikuwa watatu: Kwato, aliyepigilia farasi viatu maisha yake yote, Sajini, polisi mstaafu, na mimi. Tuliyemzika ni mwenzetu Alwyn Pegg, mlisha mbwa wa kuwinda, tuliyemwita Kimya. Kupitia mlango uliokuwa wazi tuliiona ile picha kuukuu ya rangi ukutani: bwana juu ya farasi, mbwa kumi na wawili, na mtu wa miguu kashika hatamu. Kibao cha shaba kimemtaja bwana, farasi, na mbwa mmoja mmoja. Mtu yule, hapana. Tukaanza ubishi wetu wa siku zote, maana kulia hatukujua tuanzie wapi.

— Mwizi wa farasi yule, akasema Sajini. Macho yake tu yanamchongea.

— Wee! Mwizi achorwe pamoja na bwana? Kwato akadakia. Yule ni mchoraji mwenyewe, kajipachika.

— Kajipachika bila jina, na mbwa wana majina?

— Chanda chema huvikwa pete, bwana. Mbwa walikuwa wazuri.

— Mie nawaambia, nikasema, huyo ni ndugu wa bwana, wa nje ya ndoa. Tazameni pua hizo!

— Basi ndiyo maana wakamficha, akasema Kwato. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Si huyo hapo pichani, kasimama! akajibu Sajini.

Tukacheka, kisha tukaona haya. Nyuma yetu alikuwa amesimama Winifred, binti wa Kimya, aliyekuja kutoka mjini kwa mazishi.

— Huyo ni Tobias Pegg, akasema. Babu wa babu yake baba. Baba alinionyesha nikiwa mdogo.

Sajini akavua kofia.

— Mwanangu, miaka thelathini tunabishana hapa, naye baba yako kakaa katikati yetu. Hakutwambia hata neno!

— Mlimwuliza?

Kwato akainamia kikombe chake. Mimi nikamkumbuka Kimya alivyokuwa akifumba macho kila tulipomwita yule mtu mwizi. Siku zote nilidhani anasinzia.

Sajini, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alijifunika uso kwa kofia.