Nani Atampeleka Mama Jumanne

Baridi ya Julai pale Sumbawanga haina adabu, inakuingia mwilini hata hujasalimiwa. Kwenye benchi la Bertilla muuza kahawa, mkabala na yanapopakia magari ya bondeni, wenyewe walishajipanga, makoti hadi masikioni. Alikuwepo Kalisti fundi cherehani, wanayemwita Jaji kwa kupenda kuhukumu. Alikuwepo na Teodori fundi redio, aitwaye Mtabiri, ingawa mvua humkuta bila mwavuli kila mwaka. Isdori aliegesha pikipiki yake, akakaa, begi miguuni. Alisomea ualimu wa fizikia, akaishia kwenye bodaboda, na sasa ajira imetoka: Mtowisa, kule bondeni. Asiporipoti leo, nafasi anapewa mwingine. Alitaka kikombe kimoja na kimya. Kimya, tena kijiweni!

— Mwalimu, nenda, — alianza Mtabiri. — Mchumia juani hulia kivulini. Mtowisa jua ni la bure, kivuli utakikuta ukistaafu.

— Haendi mtu! — Jaji akakata. — Kazi ni wito. Mmeshamwona huyu akipita kwenye makorongo? Pikipiki haimwangushi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Baba yangu alilima ulezi, — alisema Isdori. — Hata baiskeli hakuijua.

— Ndiyo hapo sasa! Aliificha damu.

Isdori akashusha pumzi. Wito gani? Mama yake, Dominika, alipopooza miguu, ndipo alipotafuta pikipiki. Kila Jumanne humpeleka kliniki, amemfunga kwa kitenge mgongoni kwake, kama mama alivyombeba yeye zamani. Abiria wengine walifuata baadaye, maana lazima watu wapate kula. Na huyo Jaji anashona kwa sababu marehemu mjomba alimwachia cherehani badala ya shamba, lakini muulize, atakuapia kwamba alitokewa na malaika.

— Mimi nina sayansi yake, — Mtabiri akasogea. — Redio za bondeni zinakoroma, za huku juu zinaimba. Ni baridi hiyo! Mtu wa Julai kichwa chake kinashika mawimbi. Akafundishe.

— Nimezaliwa Novemba, mzee.

— Na Julai mama yako alikuwa hajakubeba?

— Mnamchosha bure, — alidakia Bertilla. — Kazi ya mwanaume huchaguliwa na mke. Aoe kwanza, kazi itabisha hodi yenyewe.

— Nioe kabla gari halijajaa, dada Bertilla?

— Subira huvuta heri, mdogo wangu.

— Aende! — Mtabiri akapiga benchi. — Hata mama yake, pamoja na kwamba hatembei, atajivunia!

Mfugaji mmoja wa Kisukuma, Shija, aliyejifunika blanketi akisubiri gari hilohilo la Mtowisa, akaweka kikombe chini.

— Samahanini, mimi mgeni. Huyo mama asiyetembea, anabaki na nani?

Jaji akaanza kukagua vifungo vya koti lake.

— Si mna majibu yote? — Isdori alisema. — Mjibuni basi. Jaji, Jumanne utampeleka kliniki?

— Jumanne? Jumanne nina sare za shule, mwanangu.

— Mzee Teodori?

— Ningempeleka, ila mgongo wangu huu...

Bertilla akainamisha birika. Yakatoka matone mawili, kisha mashapo.

— Kahawa imeisha, — alisema bila kumtazama.

Hasira za Isdori zikageuka uchungu. Swali hilo lilimnyima usingizi tangu ajira itoke, na alikuja kukaa hapa kwa kuwa alijua hakuna atakayeliuliza.

Gari likapiga honi. Shija akainuka.

— Unakuja, mwalimu?

Isdori alitikisa kichwa. Akalifunga begi kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, pale anapokaa mama yake, akawasha, akageuza kuelekea nyumbani.

Jaji akajipiga paja kwa furaha.

— Si niliwaambia? Yule ana wito!