Kuku wa Mwalimu Anawika

SHANGAZI: Haloo? Ndiye daktari wa mifugo?

DAKTARI: Ndiye. Nani mwenzangu?

SHANGAZI: Mwenzako wapi, mimi shangazi yako.

DAKTARI: Aa, shikamoo shangazi. Namba ngeni hii.

SHANGAZI: Marahaba. Simu ya Mwalimu, jirani yangu yule mstaafu. Sikiliza, salio lake dogo. Yule kuku niliyempa, anawika.

DAKTARI: Anataga?

SHANGAZI: Anawika. Kokorikoo.

DAKTARI: Hukumpa jogoo kwa bahati mbaya?

SHANGAZI: Miaka ishirini nafuga nisijue jogoo? Kwangu alitaga mwaka mzima. Sasa kutaga kaacha, kaota kishungi kama cha jogoo. Mwalimu ananiambia nimemtapeli, anacheka mpaka miwani inadondoka.

DAKTARI: Hutokea. Kuku jike ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Ikiugua, ile ya kulia iliyolala inaweza kuamka, ikatoa homoni za kiume—

SHANGAZI: Kwa hiyo ni jogoo.

DAKTARI: Hapana. Jinsia yake ilipangwa toka yaini, na kwa kuku vinasaba vya mama ndivyo huamua.

SHANGAZI: Kama nyumbani kwetu.

DAKTARI: Vinasaba vyake havija— [mkwaruzo]

SHANGAZI: Unakatika.

DAKTARI: Nasema bado ni jike. Kavaa tu koti la jogoo. Mpe Mwalimu kuku mwingine, yaishe.

SHANGAZI: Nimempa, kamkataa. Anasema huyu wameshazoeana. Kila asubuhi anakuja kunieleza kawika mara ngapi, anakunywa chai, anaondoka.

DAKTARI: Kila asubuhi?

SHANGAZI: Na Jumapili.

DAKTARI: Na simu kakuachia.

SHANGAZI: Kaiacha ichajiwe. Usinipeleke huko. Dawa ipo?

DAKTARI: Ya uhakika hapana. Ila mara chache ovari hupata nafuu, kuku akarudi kutaga.

SHANGAZI: Anaweza kupona?

DAKTARI: Anaweza. Kesho nitapita nimtaza—

SHANGAZI: Usije.

DAKTARI: Shangazi?

SHANGAZI: Njoo mwakani. Kuku ana raha zake, wewe unataka kumchoma sindano.

DAKTARI: Sawa. Basi mwambie Mwalimu, kuku huyo anataka uangalizi wa karibu. Taarifa ziletwe kwako asubuhi na jioni.

SHANGAZI: Jioni pia?

DAKTARI: Ndio ushauri wa daktari.

SHANGAZI: Ngoja, hodi hiyo, kafika. Umesema asubuhi na—

DAKTARI: Na jioni, shangazi.

SHANGAZI: Haya, kwaheri baba, kwaheri. [mbali na simu] Karibu Mwalimu, kaa. Daktari anasema hali ni mbaya.