Mama Ulimi, Aliyefundisha Darasa Kuitika Pamoja

Ndugu waombolezaji, sehemu kubwa ya historia hii ilisimuliwa kwanza na kaka mkubwa wa marehemu, fundi cherehani, tarehe 30 Juni 2014, siku marehemu alipostaafu, sebuleni kwake, mbele ya familia, na marehemu mwenyewe alikuwa ameketi pembeni akimkatiza kila alipotia chumvi, kwa hiyo mtakayoyasikia aliyapitisha yeye mwenyewe, na yaliyofuata baada ya siku hiyo familia imeyashuhudia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Ulimi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake seremala, akiwa mtoto wa pili na binti wa pekee, na mama yake alizoea kusema kwamba alichelewa kuongea hadi majirani wakaanza kunong'ona, kisha alipoanza hakukuwa na wa kumnyamazisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1962, akamaliza sekondari Novemba 1973, akaendelea na chuo cha afya, na mwaka 1978 akahitimu tiba ya usemi, kazi ambayo siku hizo hata baba yake hakuielewa vizuri, akawa anawaambia wateja kwamba binti yake ni daktari wa ulimi, nao wakimwuliza kama daktari wa kope naye amepatikana, mzee aliendelea kupiga randa.

Tarehe 2 Oktoba 1978 aliajiriwa katika hospitali kuu, akapewa chumba cha mwisho katika ukumbi wa wagonjwa wa nje, chenye viti viwili na kioo cha ukutani, na huko aligundua kwamba watoto waliletwa mara moja au mbili kisha wakapotea, kwa kuwa mzazi hakuweza kuacha kazi kila wiki, na mtoto aliyetolewa darasani kuja kutibiwa alirudi akiwa ameachwa nyuma na wenzake, ndipo akamwuliza mganga mkuu, "Kama mgonjwa wangu yuko shuleni, mimi huku namngoja nani?"

Miaka mitatu baada ya kuajiriwa, tarehe 12 Desemba 1981, alifunga ndoa na dereva wa gari la hospitali, wakajaliwa watoto watatu, na mumewe alipenda kutania kwamba nyumbani kwao hakuna ruhusa ya kumalizia mwenzako sentensi, hata chakula kikipoa.

Mwaka 1985 mganga mkuu alimruhusu kwenda kila Jumanne katika shule ya serikali iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akapewa stoo ya chaki kuwa chumba cha tiba, na wa kwanza kuletwa alikuwa msichana wa darasa la tatu mwenye kigugumizi, ambaye kila asubuhi jina lake lilipoitwa alitakiwa kuitika "Nipo", lakini neno lilimkwama kooni, na mwalimu wa darasa, mama mkali asiyependa kuchelewa, alirukia jina linalofuata na kumhesabu hayupo, ilhali mtoto ameketi dawati la mbele, kola imepigwa pasi, machozi yanamlengalenga, na wenzake nyuma wanapiga kelele, "Redio imekata, ipigeni kofi!"

Jina la Redio likamganda, na mwalimu mkuu akamweleza baba wa msichana huyo waziwazi kwamba muhula ukifungwa kabla mtoto hajaweza kuitika, itabidi abaki nyumbani, maana mwanafunzi asiyesikika hafundishiki.

Marehemu alimfundisha Redio stooni, kati ya maboksi ya chaki, kuvuta pumzi na kuliingia neno polepole, hadi akawa anaitika bila shida na hata kumtania mwalimu wake huyo wa stooni, na marehemu kwa furaha akamwita mwalimu mkuu, wakaenda darasani, mwalimu mkuu akaliita jina mwenyewe, na Redio akasimama, akafungua mdomo, na kisitoke kitu, darasa likaangua kicheko, naye mwalimu mkuu akasema kwa upole uliouma kuliko ukali, "Dada, huyu umemtibia stoo, labda akasomee stoo."

Marehemu alimwambia kaka yake kwamba maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli, na Jumanne iliyofuata hakufungua stoo, aliomba kuketi dawati la nyuma darasani, akisikiliza kwa macho kama ilivyokuwa desturi yake, na darasa zima lilipokariri jedwali la kuzidisha kwa sauti moja, alimtazama Redio mdomoni, akaona maneno yakimtoka kama maji, bila kukwama hata mara moja, jambo ambalo kule stooni asingeliona kamwe.

Akamwomba mwalimu wa darasa aite majina ya dawati zima kwa pamoja, si kwa Redio peke yake bali kwa wote, na wanaoketi pamoja waitike pamoja, si "Nipo" bali "Tupo", na mwalimu akajibu, "Haya, mwenzangu, tujaribu kesho, lakini wakinicheka utaita wewe."

Kesho yake marehemu akavuka tena barabara, ingawa haikuwa Jumanne, yakaitwa majina mawili ya dawati la mbele, wasichana wawili wakasimama, wakavuta pumzi moja, wakaitika "Tupo", kwa sauti iliyonyooka hadi darasa likasahau kucheka, na mwalimu mkuu aliyekuwa dirishani akavua miwani yake, na marehemu alisema alikuwa kama mtu aliyeona mlango ukifunguka ukutani.

Redio hakuondolewa shuleni, ingawa kigugumizi hakikuisha, na mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyeomba wataalamu wengine, wa viungo, wa masikio, na yule wa mikono aliyezungushia penseli mpira wa baiskeli ili vidole dhaifu vizishike, wote wakifanya kazi darasani bega kwa bega na walimu, na aliyetaka kujificha na mgonjwa wake marehemu alimwambia, "Stoo ni ya chaki."

Tarehe 14 Machi 2023 alipata kiharusi kilichomwondolea usemi, yeye wa kuwapa wengine usemi, akawa anatutazama tu, hadi Redio, ambaye sasa ni mwalimu, alipoketi kando ya kitanda, akakwama kidogo, akamshika mkono, wakavuta pumzi moja, na sisi tuliokuwa chumbani tukawasikia wote wawili, "Tupo", neno la pekee alilolisema tena, naye hakuweza kulisema peke yake hata siku moja, hadi alipofariki tarehe 5 Novemba 2023, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioacha shughuli zao, wafanyakazi wenzake na walimu wa shule ile.

Mwalimu mkuu hayupo tena duniani, mwalimu wa darasa hayupo, mganga mkuu hayupo. Kaka fundi cherehani yupo, mume yupo, watoto watatu wapo, Redio na mwenzake wa dawati wapo, wameketi pamoja safu ya mbele.

Pumzika kwa amani, Mama Ulimi, na majina yakiitwa usiwe na wasiwasi, tupo.