Majina Sita kabla ya Sifa

Sikilizeni, wanangu, maana ndugu yangu aliwaacha mikononi mwangu nami nikawalea, na pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Leocadia, weka chini bakuli hilo la dengu, sitakula. Nyumba ni yako, asikutoe mtu. Nyumbu wangu wa kupanda mpelekee Don Íñigo, mshika pazia la mfalme kanisani, ambaye kwa miaka kumi na tisa amelivuta kumfunika mfalme asinisikie kila nilipokaribia neno la maana. Mwambie nimemsamehe, ila usimwambie kwamba nyumbu anauma.

Gaspar, Ijumaa hii ya Kwaresima utahubiri mahali pangu mbele ya mfalme, na Jumamosi watanyongwa wale wakulima sita waliowaua kulungu wake waliokuwa wakila ngano yao. Mwaka wa tauni kijana Lucas alihukumiwa kwa kosa hilohilo, nami nikamwahidi mama yake kumtetea mimbarini. Nikaanza kwa kumsifu mfalme, kama ilivyo desturi, sifa zikanoga. Mkono wa Íñigo ulipogusa pazia, nikazirefusha hadi amina. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nilijiambia, na kwa methali hiyo nikaneemeka. Mama yule aliningoja mlangoni.

"Padre, si uliniahidi?"

"Muda uliniishia, mama."

"Haya. Na mwanangu naye umemwishia."

Sikulia. Nilikwenda kula, na chakula kilikuwa kitamu, na hilo ndilo ninaloona aibu kulisema.

Jana, Gaspar, uliniuliza, "Baba mkubwa, wakinifukuza nitakula nini?" Utakula dengu za dada yako, kijana, hazijaua mtu. Panda mimbarini, utaje majina ya wale sita kwanza, sifa zije baadaye kama nafasi ipo. Pazia likifungwa usinyamaze; wageukie wapishi na watunza farasi walio chini, uwaambie wapige magoti wawaombee sita hao kwa sauti. Pazia ni kitambaa tu, mwanangu, sauti hupita.

Hotuba zangu zitieni moto. Nizikeni bila mhubiri.

Mungu awape... awape riziki ya halali, na ulimi usioogopa. Niinueni kidogo. Gaspar, yataje majina, niyasikie. Polepole... Watano. Umetaja watano, mwanangu. Anza tena.